Udongo Uliokula Majivu

Nguchiro alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha sufuria ya maharage, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia jikoni kwake bila hodi. Nikamrushia kandambili. Akainamisha kichwa ikapita, kisha akakaa tena vilevile.

"Usijisumbue, wifi," Nakunda aliniambia kutoka mlangoni. "Huyo hata mwiko hauogopi. Mwache, akichoka atashuka."

"Achoke yeye? Na mimi je?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyelala vibaya. Nakunda ni mke wa mdogo wangu Kiangi, ambaye yuko Tanga kwenye mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari na huja likizo hadi likizo, ya mwisho miezi miwili kabla sijafika. Huku Kirongwe, juu ya milima ya Upare, alibaki yeye na mama yangu. Nao nguchiro, ambao siku hizo walikuwa wengi kuliko watu.

Mimi sikuwa nimekuja kusalimia. Idara ya Miteremko ilinituma kwa sababu mteremko wetu ulikuwa umeanza kutembea. Nasema kutembea na namaanisha hivyohivyo. Nilikuwa nimebeba sikio, kile chuma kirefu tunachokichomeka ardhini kusikiliza udongo, na tangu nilipofika nilikuwa nasikia jambo moja tu kila nilipolichomeka: nyuzi za Utando, kuvu anayeshikilia udongo wetu, zinakatika. Ni sauti ndogo, kama bisi zinazopasuka kwenye jiko la jirani. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Mlima ukilowa huku nyuzi zimekatika, unashuka na kila kilicho juu yake.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Anafukia mashimo. Kila asubuhi anafukia, kila jioni wanafukua. Nimemwambia apumzike, ananiambia nipumzike mimi."

Nikatoka nje. Mama alikuwa ameinama nyuma ya jiko, jembe mkononi, kanga imefungwa kiunoni, anashindilia udongo kwenye shimo ambalo lingetosha kuingiza mtungi. Hapo pembeni yake nguchiro watatu walikuwa wamekaa wanasubiri amalize. Kwa kweli nilichoka kuwaona tu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona wageni wako?"

"Wangu tena?"

"Si nyie wa Idara mliotuletea udongo mpya? Kabla ya hapo nguchiro tuliwaona porini, tena kwa bahati."

Hakuwa amekosea sana.

*

Baada ya ile miaka ya maporomoko, wakati vitongoji vizima vya milimani vilipokuwa vinaamkia bondeni, wataalamu walitengeneza kuvu wakauita Utando. Ulipandwa kwenye miteremko yote. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele, zinapita katikati ya chembe za udongo na kuzishona pamoja, zinaizunguka mizizi ya migomba na mchicha na kuilisha. Uliundwa kwa ajili ya udongo wetu huu mwekundu, ambao kwa asili ni mchachu. Ndani ya uchachu huo Utando hukaa mgumu na mchungu, hakuna mdudu anayeutaka. Watu waliagizwa jambo moja tu: msitie mbolea, msitie dawa. Wakatii. Wapare ukiwaambia jambo la shamba wakalikubali, wanalishika kweli.

Basi nguchiro walitoka wapi? Tulijaribu mitego, wakaikwepa. Wakaletwa mbwa, wakaumwa pua wakarudi kulala. Kila jike alikuwa anazaa kabla watoto wa kwanza hawajaacha kunyonya. Nilichimba nikaona wanachokula: mabuu weupe, wanene kama kidole gumba changu, wamejaa tele ndani ya nyuzi. Kwa nini mabuu waupende Utando wa Kirongwe na wasiupende wa vitongoji vingine, hapo ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa, nikawa mkali kwa kila anayeniuliza.

Jibu nililipata nikiwa nimesimama juu ya paa la tangi la maji, nimepanda kwa hasira tu, nipate mahali pasipo na nguchiro. Ukitazama kutoka juu, mashimo hayakuwa yametapakaa ovyo. Yalizunguka majiko. Kila nyumba jiko lake, kila jiko duara lake la mashimo, na kule mashambani mbali na nyumba udongo ulikuwa mzima.

Nikashuka. Nakunda alikuwa anatoka jikoni na ungo uliojaa majivu. Akaenda hadi kwenye mgomba wake, ule uliopandwa alipoolewa, akayamwaga shinani taratibu, akayasambaza kwa mguu. Kwetu Kirongwe, na si vitongoji vingine, ndivyo mwanamke anavyoianza siku. Bibi harusi akiamka asubuhi ya kwanza, kabla hajasalimia mtu, huzoa majivu ya mafiga na kuyapeleka mgombani. Hakuna anayeyaita mbolea. Hakuna anayeyaita dawa. Ni majivu.

"Wifi, simama hapohapo," nikamwambia.

"Nimefanya nini?"

Nikapiga magoti, nikapima. Shinani mwa mgomba majivu yalikuwa yameumaliza uchachu kabisa. Nyuzi nilizozitoa hazikuwa ngumu, zilikuwa laini na nene, nikaonja moja na ilikuwa tamu. Tuliwakataza watu vitu vya dukani, tukasahau kuwauliza wanamwaga nini kila siku ya Mungu. Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa, nimeyamwaga majivu hayo tangu nina miaka saba, na haikunijia akilini.

"Njoo unishikie hili sikio nipime na kule," nikasema.

"Siwezi."

"Huwezi nini, ni chuma tu."

"Ni chuma kizito, wifi." Akaweka ungo chini, akatazama pembeni. "Sibebi vitu vizito mwezi huu. Wala ujao, Mungu akipenda."

Nikamtazama. Nakunda ameshaharibikiwa na mimba mara tatu, na ya mwisho nusura aondoke nayo. Amekaribia miaka arobaini. Nilimkumbatia pale pale kwenye majivu, na sioni aibu kusema kwamba nililia.

"Kiangi anajua?"

"Hajui mtu. Hata Mama hajui, ingawa nadhani anahisi. Na wewe usiseme. Unajua hizi hazisemwi zikiwa changa."

"Najua."

*

Injinia Lwambano, mkuu wangu, alinitokea kwenye kioo kidogo kilicho kwenye mpini wa sikio akiwa na macho mekundu. Si mtu mbaya. Alikuwa na miteremko mingi na watu wachache, na nadhani alikuwa hajalala.

"Majivu," akasema baada ya kunisikiliza. "Majivu ya kuni. Yaani tumepima kila kitu tukakosa majivu."

"Wakiacha kuyamwaga, udongo utarudi kuwa mchachu."

"Utarudi baada ya misimu mingapi, Bi. Naetwe? Na vuli inaingia lini? Hao nguchiro watachimba mpaka siku ya mwisho."

"Najua."

"Kizuizi kimeshafika kwenye ndiva yenu. Fungua bomba."

Ndiva ni bwawa la kumwagilia, lililochimbwa na mababu juu ya kitongoji, na maji yake hufika kila shamba. Kizuizi ni dawa ya Idara. Ikiingia kwenye Utando, nyuzi hutengeneza kitu ambacho hakimuui nguchiro wala buu. Kinazuia uzazi tu. Aliyebeba mimba huitoa, asiyebeba habebi. Miezi michache, nguchiro wanapungua wenyewe, bila sumu, bila mizoga. Kwenye karatasi ni dawa ya huruma.

"Nyuzi zinalisha mchicha," nikasema. "Zinalisha migomba. Kuku wanakula mabuu, watu wanakula mayai."

"Kitakachomfikia binadamu ni kidogo mno."

"Mmepima?"

"Tumekadiria."

"Mmekadiria kwa mwanamke gani?"

"Bi. Naetwe, nisikilize. Huko juu kuna nyumba arobaini. Mlima ukishuka hatutakadiria, tutafukua. Kama huwezi kufungua, funga mteremko, watu washuke tambarare. Lakini sheria unaijua. Mteremko ukifungwa unakuwa mali ya Idara, na haurudi."

Nilimuuliza kwa nini asije afungue mwenyewe, ingawa jibu nilikuwa nalo. Zamani kila mwenye maabara alikuwa anakuja kumwaga mambo yake kwenye milima ya watu, mpaka watu wakachoka, ikapitishwa Sheria ya Kitovu. Kitu chochote hakiingii kwenye udongo wa mahali bila mkono wa mtu ambaye kitovu chake kimezikwa mahali hapo. Ndiyo maana Idara iliniajiri. Bomba la ndiva lina vioo viwili: cha kijani cha kufungulia dawa, chekundu cha kufunga mteremko. Vyote vinatambua kidole gumba changu na si cha mtu mwingine.

*

Nilimwambia Nakunda habari za Kizuizi kabla ya mtu yeyote. Tulikuwa tunachambua maharage, na yule nguchiro wa kwenye kifuniko alikuwa amelala chini ya kiti changu.

"Shuka kwa mama yako Same," nikamwambia. "Leo. Nitasema umeitwa na nduguzo. Utakula chakula cha huko, utajifungua huko."

Akaendelea kuchambua.

"Na jirani yetu Nambua je?" akauliza. "Asubuhi kisimani anatema mate tu. Na yule binti aliyeolewa kwa Mmbaga, hataki hata kusikia harufu ya kitunguu. Hawajaniambia na mimi sijawaambia. Lakini tunaonana. Mimi nishuke na siri yangu, wao wale mchicha?"

"Wanaweza kushuka na wao."

"Kwa kisingizio gani? Watatu kwa mpigo? Wifi, mimi mara ya kwanza nilitangaza mapema. Nilifurahi nikamwambia kila mtu. Baadaye nilipoharibikiwa, kila mtu akaja kunipa pole, wakanipa pole mpaka nikatamani kujifukia. Siwezi kumwambia Nambua ajitangaze."

Nikamwambia kwamba mlima unaweza kumfukia kweli, yeye na hilo tumbo lake. Nilisema kwa ukali, nami nikajichukia.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekaa kimya. Mimi sikuombi kitu. Kidole ni chako."

*

Siku iliyofuata ikapigwa pembe ya msaragambo, na kila nyumba ikaleta mtu wake na jembe lake ndivani. Msaragambo ni kazi ya wote, kusafisha mfereji, kuziba kingo, na kazi ikiisha mambo hujadiliwa hapohapo watu wakiwa na matope miguuni. Niliwaeleza kila kitu. Niliwaambia kuhusu majivu, nikaona wanawake wanatazamana.

"Kwa hiyo ni sisi," alisema Mama Eliamani, mama mmoja mwembamba asiyependa kuzunguka. "Tumewafuga kwa mikono yetu."

"Ni sisi Idara ambao hatukuuliza," nikasema.

"Haya, tumeshajua wa kulaumiwa. Sasa tunafanyaje?"

Nikawaeleza Kizuizi. Nikawaeleza yale yanayojulikana na yale yaliyokadiriwa. Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Senkondo, alikuna kidevu.

"Yaani wanawake wetu wasizae kwa muda. Mwaka, miwili?"

"Na aliye na mimba sasa anaweza kuipoteza. Naomba nijue: kuna mwenye mimba hapa?"

Hakuna aliyejibu. Bila shaka hakuna aliyejibu. Nambua alikuwa anakwangua matope kwenye jembe. Binti wa kwa Mmbaga alikuwa ametazama maji. Nakunda alikuwa amesimama nyuma ya Mama, uso wake hausemi chochote. Nilikuwa nimeuliza swali ambalo kwetu mwanamke mwenye heshima zake halijibu, tena mbele ya wakwe, na kila mtu akachukua ukimya ule kuwa ndiyo jibu.

"Hakuna," alisema Bwana Senkondo. "Basi tatizo liko wapi? Kupumzika kuzaa miaka miwili si kufa. Tambarare hatuendi. Wanaotaka bomba lifunguliwe wanyooshe jembe."

Majembe yakainuka. Mama yangu aliinua la kwake juu kuliko wote. Mama ana kaburi la baba nyuma ya nyumba, ana migomba aliyoipanda akiwa mwari, na aliniangalia kwa macho ya kunitegemea. Hata Nambua aliinua, nusu. Nakunda peke yake hakuinua, na kwa kuwa alikuwa nyuma hakuna mwingine aliyemwona.

Nikatembea hadi kwenye bomba. Sikuwa na mawazo makubwa kichwani. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nawaza kwamba watu hawa wamepiga kura, kura ni yao, mlima ni wao, na mimi ni nani. Nilikuwa nawaza pia kwamba kura imepigwa na watu ambao hawajui wanachopigia, na wanaojua hawawezi kusema, na mimi najua na nimekubali kutunza siri. Kama ningesema "kuna watatu", wangewatafuta mpaka wawapate kabla ya jua kuzama.

Nikaweka kidole kwenye kioo chekundu.

King'ora kilipolia, Mama ndiye wa kwanza kuelewa. Hakupiga kelele. Aliliweka jembe chini, akaketi kwenye ukingo wa ndiva, akavuta kanga akafunika uso.

"Naetwe," Bwana Senkondo aliniambia polepole, "tulikupa mkono wetu uushike. Umetupiga nao."

*

Vuli ikaja na ilikuwa kubwa. Tuliisikiliza kutoka tambarare, kwenye mabanda ya Idara, mahali ambapo udongo ni mweupe na upepo haulali. Kila siku niliangalia vipimo vilivyotumwa na sikio nililoliacha juu. Kila siku nilijitayarisha kuona mlima umeshuka, na Mungu anisamehe, kuna siku nilitamani ushuke.

Haukushuka. Mteremko ulisimama vuli yote. Ukasimama na masika. Kule juu hakuna aliyekuwa anawasha moto, mvua zikayaosha majivu, udongo ukaanza kurudi kuwa mchachu upesi kuliko tulivyodhani, mabuu wakafa, nguchiro wakatawanyika kurudi porini. Lwambano alinipigia kunieleza kwamba Kirongwe sasa ni mteremko imara kuliko yote ya ukanda huo. Nikamuuliza kama watu wanaweza kurudi. Akasema sheria naijua.

Sijui kama tungebaki ungeshuka. Hakuna atakayejua. Watu wa Kirongwe waliniambia hivyo kwa kila njia isiyohitaji maneno. Nikienda kuteka maji kwenye bomba la mabandani mazungumzo yanakatika. Mama alihamia banda la dada yake, na kila asubuhi nilipita mlangoni kwake nikasema shikamoo, naye aliendelea kupepeta mchele. Mtu mzima kunyimwa marahaba na mama yake mzazi ni jambo zito sana.

Matumbo yalipoanza kuonekana, watu wakahesabu miezi. Wakaelewa. Nilidhani kuelewa kutasaidia.

"Hakusaidii," Nakunda aliniambia, amekaa na miguu imevimba. "Wananitazama kama ni mimi niliyekula nyumba zao. Na wewe usinisubiri nikushukuru, wifi. Nakupenda, lakini nikikushukuru itakuwa nimekubali kwamba ulifanya kwa ajili yangu. Sitaweza kuubeba mlima mzima."

Nikamwambia sihitaji shukrani. Nilikuwa naongopa.

Alijifungua mchana, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Kwetu mzazi huonwa siku hiyohiyo. Wanawake huja na uji, na mafuta ya kupaka mtoto, na umbea wa kumchekesha mama. Siku ya kwanza hakuja mtu. Nilipika uji mwenyewe, mbovu, Nakunda akaunywa bila kusema. Siku ya pili alikuja Nambua na tumbo lake kubwa, akakaa kidogo, akaondoka.

Siku ya tatu mlango ukasukumwa, akaingia Mama na chupa ya uji na kanga mpya. Hakunitazama. Alimnywesha Nakunda kikombe kizima, akamfuta mdomo, akamwambia pole na kazi. Kisha akamchukua mtoto, akamfunua, akamkagua vidole vya mikono na vya miguu, akanusa kichwa chake kwa muda mrefu.

"Ana paji la baba yenu," akasema.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Akamfunika mtoto tena, akamweka begani, akampigapiga mgongo.

"Marahaba yako bado sina, Naetwe," akasema. "Siku nikiipata nitakuletea mwenyewe."

Nikamjibu sawa, Mama. Nikachukua ile chupa, nikatoka nje kuiosha.